Walidhani Mimi ni Mtu wa Kadasta

"Weye uko mutu wa kadasta?"

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya msalaba wa saruji, kwenye mteremko mmoja juu ya Mushaki, kamera imesimama kwenye miguu yake mitatu, na swali likanifikia kwa nyuma. Niligeuka. Mama wa makamo, jembe begani, mtoto mgongoni, beseni la viazi kichwani. Nikamwambia hapana, mama, mimi ni mpiga picha tu, natokea Tanzania, napiga picha za makaburi ya zamani. Akaitazama ile miguu mitatu, akanitazama mimi, kisha akasema bila hasira: "Ata bale ba kadasta banakuyaka na mashini ya miguu tatu."

Hakuondoka. Alitua beseni, akakaa kwenye nyasi, akanichunga mpaka nilipofunga begi.

Kadasta ni ofisi ya upimaji ardhi, na Masisi, mashariki mwa Kongo, neno hilo halitajwi kwa mzaha. Mpimaji akishaonekana kilimani na chombo chake, kinachofuata huwa ni hati, baada ya hati seng'enge, baada ya seng'enge ng'ombe wa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na mwenye jembe anaambiwa akatafute pengine. Siku ile ya kwanza sikulijua hilo. Nilijiona nimekuja kutafuta mwanga mzuri.

Mimi ni mtu wa pwani, na kamera nimefundishwa na makaburi. Nilianzia Kunduchi, kwenye makaburi ya mnara yaliyopachikwa sahani za Kichina. Nikaenda Kaole, jirani na Bagamoyo. Nikavuka hadi Gede nchini Kenya, kwenye lile kaburi lililochongwa mwaka wake, 802 wa Hijria, yaani 1399. Kaburi la pwani ni matumbawe na chokaa, limejengwa lionekane kutoka mbali, na mpiga picha hana kazi kubwa ila kusubiri jua. Ya bara sikuwa nayajua. Rafiki yangu wa Goma, aliyewahi kusoma Dar es Salaam, ndiye aliyenichokoza: "Nyinyi watu wa pwani mnadhani mtu asiyejengewa mnara hakufa. Njoo Masisi kiangazi, nyasi zikiwa zimelala, uone." Nikaenda Julai 2019.

Ulikuwa mwezi mbaya wa kuulizia makaburi Kivu ya Kaskazini. Ebola ilikuwa imezuka upande wa Beni Agosti ya mwaka uliotangulia, na tarehe 14 Julai mgonjwa wa kwanza akathibitishwa ndani ya Goma. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Hadi ulipotangazwa kwisha Juni 2020, ugonjwa ule ulikuwa umeua watu 2,287. Tangu nilipovuka mpaka kutoka Gisenyi, kila kizuizi, wenyewe husema barieri, kilikuwa na ndoo ya maji ya klorini na kijana aliyekuelekezea kipimajoto kwenye paji la uso kama bastola. Waliokufa kwa Ebola walizikwa na vikosi vilivyovaa mavazi ya plastiki kuanzia utosini hadi kidoleni, jamaa wakitazama kwa mbali, na wengi walivishuku vikosi hivyo. Sasa anatokea mgeni mwenye begi jeusi, anauliza makaburi yako wapi. Rafiki yangu alinipa ushauri mmoja nilioudharau: "Usianze na kaburi. Anza na ng'ombe."

Nakiri kwamba bila ng'ombe safari ingeishia Sake. Mzee wa Masisi ukimsifia ng'ombe wake wawili watatu, ukamuuliza maziwa yanakwenda wapi, ukaonja jibini ya mviringo inayotengenezwa vilimani humo tangu mapadri Wabelgiji waonyeshe namna yake, baada ya nusu saa atakuambia mwenyewe babake kalala wapi.

Nilipanda pikipiki. Dereva wake, motari kama wanavyowaita, alikuwa kijana wa kabila la Wahunde, mwenye maneno machache na breki nzuri. Kutoka Goma hadi Sake ni kilomita zisizofika 30, ziwa Kivu likiwa kushoto na kulia mwamba mweusi wa volkano. Tulipokuwa tunapita Mugunga alinyoosha kidole upande wa nyumba za mbao na vibanda vya vocha, akasema kuna watu wengi humo chini, wala hakupunguza mwendo. Julai na Agosti 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 50,000 walikufa kandokando ya Goma kwa kipindupindu na kuhara damu katika majuma machache. Jembe haliingii kwenye lava, kwa hiyo maiti zilipangwa barabarani, zimeviringishwa mikeka, hadi askari wa Ufaransa walipoleta matingatinga kuchimba mashimo. Sikutoa kamera. Ningepiga picha ya nini? Kuta za mbao na matangazo ya simu.

Ukifika Sake unaona mahali ambapo lava ya Nyamulagira ya 1938 hadi 1940 iliingia ziwani na kukaribia kuifunga ghuba yote. Hapo ndipo njia ya Masisi inapoanza kupanda, na ndipo nilipoelewa kwa nini niliambiwa nije kiangazi.

Huko kiangazi kikuu ni Juni hadi Agosti. Nyasi za malisho hubadilika zikawa rangi ya manyoya ya simba, barabara hutoa vumbi jekundu linalokaa hewani hadi usiku, na moshi wa wanaochoma mashamba huungana na vumbi hilo. Vilima vya mbele unaviona wazi, vya pili vimefifia, vya tatu ni kivuli, vya nne unavihisi tu. Masika hewa husafishwa na mvua, kila kitu kikawa kijani kimoja kinachong'aa, na picha hutoka kama kalenda ya benki. Watu wamezoea kuiita Masisi Uswisi ya Afrika kwa sababu ya ile kalenda. Ya kiangazi ni nchi nyingine: unaona mifupa yake, matuta ya zamani ya mashamba yaliyoachwa, njia za ng'ombe, misingi ya nyumba zilizoungua, na vile vichuguu virefu vya udongo ambavyo nyasi zikisimama huvioni kabisa.

Halafu kuna mwanga wenyewe. Masisi iko nyuzi moja na kitu kusini ya ikweta, kwa hiyo jua halizami, linadondoka. Jioni una kama dakika arobaini za mwanga wa pembeni, kisha giza. Asubuhi ni vivyo hivyo. Saa zote za katikati jua liko utosini na kila kaburi linafanana na jiwe lingine lolote. Hivyo tuliamka saa kumi alfajiri kila siku, na motari akaanza kunitazama kama mtu mwenye deni linalomkosesha usingizi.

Kwenye mteremko wa kutokea Mushaki tulisimama kuwapisha vijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, wakishuka na magunia yaliyowazidi kimo, mguu mmoja ukiburuza kandambili kwenye tairi ya nyuma badala ya breki. Mmoja aliniuliza ninafanya kazi gani. Nikamjibu naandika makala. Wakacheka wote. Kule makala ni hayo waliyobeba magunia, makaa ya kupikia. "Unaandika makala? Siye tunayachoma!" Tangu hapo motari akanitambulisha kila mahali kuwa ni mwandishi wa mkaa, na nadhani cheo hicho kilinisaidia kuliko karatasi zangu zote zenye mihuri.

Kaburi nililokaa nalo muda mrefu kuliko yote lilikuwa kwenye uwanja wa parokia moja ya Kikatoliki, juu ya barabara, mikaratusi imeuzunguka. Safu za mbele ni za watawa na makatekista wa kwanza. Nyuma yao raia, waliozikwa bila mpango, wengine miguu ikielekea bondeni, wengine mlimani. Misalaba ya saruji imemwagwa kwenye fremu za mbao hapohapo, na kabla saruji haijakauka mtu akaandika kwa msumari. Si kazi ya fundi. Unaona kabisa mwandishi alipoishiwa nafasi, herufi tatu za mwisho zikapanda juu kwa kona, na N nyingine imeandikwa kinyume. Kwa miaka sitini ukungu na kuvu vimeyala maneno hayo. Ukisimama mbele yake saa sita huoni chochote.

Wapo wanaosugua maandishi kwa brashi ya waya au kuyapaka chaki. Usifanye hivyo, unaondoa tabaka la mwisho la jina la mtu. Dawa ni mwanga wa pembeni. Nilijaribu tochi, ikawa dhaifu kushinda jua. Motari akaniangalia nikihangaika, akaenda kwenye pikipiki yake, akafungua kioo cha pembeni kwa spana, akakishika usawa wa nyasi na kurusha jua likapita juu ya uso wa saruji kama kisu juu ya mkate. Herufi zikasimama. Kwanza tarehe, kisha jina: Joseph, na jina la ukoo ambalo silitaji hapa, 1964.

Tulitembea na kile kioo asubuhi nzima, kaburi kwa kaburi, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikibonyeza. Katikati ya safu ya tatu akanyamaza, akarudi nyuma, akahesabu. "Hawa hawana Joseph," akasema. Alikuwa ameona jambo ambalo mimi na elimu yangu nilikuwa nimelipita. Makaburi ya miaka ya 1950 na 1960 yana Joseph, Marie, Pascal, Thérèse. Kisha, ghafla, majina ya Kikristo yanakatika. Safu nzima ya watu waliobatizwa, wamezikwa chini ya misalaba, katika ua wa kanisa, na hakuna hata Petro mmoja. Ni majina ya nyumbani matupu, mawili mawili, matatu matatu. Mwanzoni mwa 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya kigeni, naye Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishiwa kifungo cha miaka mitano. Marufuku ile ilifuata watu hadi udongoni. Chini zaidi ya mteremko, kwenye makaburi ya baada ya 1990, Joseph anarudi, safari hii ameandikwa kwa rangi ya mafuta kwenye ubao.

Nimeyapiga picha makaburi yenye sahani za enzi za Ming. Hayakunishika kama ile safu isiyo na Petro.

Baada ya parokia tukaenda kwenye makaburi ya familia, na hapo ndipo swali la yule mama lilipoanza kunirudia kila siku, kwa maneno tofauti. Weye unatumwa na nani? Hiyo picha inakwenda wapi? Kinshasa? Kigali? Mzee mmoja wa Kihunde, ambaye tulianza naye kwa ng'ombe kama kawaida, alinipeleka kwenye kitu ambacho peke yangu nisingejua ni kaburi: masale matano, yale majani marefu ambayo Wachaga nao huyapanda mipakani, yamesimama duara kwenye malisho ya mtu mwingine, ndani ya seng'enge. Tuliyaona tukiwa nje ya waya. Babu wa babu yake, alisema. Hakuna jiwe wala herufi. Nilipachika lenzi ndefu, nikatunga picha nzuri ya majani na mwanga, nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera.

Akatikisa kichwa. "Iko muzuri. Lakini hapa ni wapi? Inaweza kuwa ata kwenu Tanzania. Piga na mulima."

Nikabadili lenzi, nikarudi nyuma hatua hamsini, nikapiga masale yakiwa madogo kama vibiriti na nyuma yake mlima wenye kichogo ambao kila mtu wa Masisi anaujua. Picha mbovu kwa macho yangu. Yeye aliishika kamera kwa mikono miwili akasema, sasa ndiyo.

Siku mbili baadaye, upande wa pili wa bonde, mzee mwingine, mwenye asili ya Rwanda, alinipeleka kwa babake. Kaburi la saruji safi, limepakwa chokaa, lina mwaka. Babake aliletwa na Wabelgiji akiwa kijana. Kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni iliwahamisha makumi ya maelfu ya Wanyarwanda kuja vilimani humu, kupunguza njaa na msongamano kwao na kupata mikono ya kazi kwa mashamba ya walowezi. Mpango wenyewe uliitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda. Wahunde, ambao ardhi ile mamwami wao, yaani watemi, walikuwa wakiigawa, hawakuulizwa kwa namna ambayo yeyote angeiita kuuliza. Mzee huyu hakuhitaji kufundishwa upigaji picha. Kabla sijafungua begi alikwisha kunionyesha pa kusimama, ili mlima utokee.

Ulikuwa ni ule ule mlima wenye kichogo.

Huenda msomaji wa mbali akaona hawa ni wazee wawili wenye mapenzi na baba zao. Wanayo. Lakini sheria ya Julai 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ya nchi ni mali ya dola; desturi inasema ni ya mwami; na mwenye fedha na rafiki mjini anasema ni yake, maana anayo hati. Mkulima asiye na hati anabaki na nini cha kuonyesha? Anamwonyesha hakimu aliyelala pale. Na uraia nao ulipimwa hivyo hivyo. Sheria ya 1981 ilimtaka mtu awe ametokana na kabila lililokuwapo ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Ile ya 2004 ikasogeza hadi siku ya uhuru, 30 Juni 1960. Nilitembea siku nane Masisi nikisoma makaburi kwa kioo cha pikipiki. Kaburi lenye maandishi lililo kuukuu zaidi nililoliona lilikuwa la miaka ya 1930, la mmisionari. Mwaka 1885 hapakuwa na saruji wala msumari wa kuandikia. Palikuwa na masale. Mpaka wenyewe kati ya wakoloni upande huu ulikuwa haujachorwa, ulikuja kukubaliwa 1910. Waliotunga tarehe ile walijua wanachokitaka, na hakikuwa ukweli wa nani alitangulia.

Kwa hiyo kamera inayoelekezwa kaburini Masisi imeshaingia kesini, mwenyewe apende asipende. Niliacha kujieleza kwamba mimi ni msanii. Nilianza kuandika jina la kilima, tarehe, na upande niliosimama.

Kuna tatizo jingine la makaburi ya vilimani: askari nao hupenda vilima. Jioni moja, nikiwa nimepata mwanga ambao sikuwahi kuupata tangu nije, nilipiga picha kilele chenye misalaba minne bila kuona kwamba nyuma ya misalaba kulikuwa na mahandaki na turubai. Kwenye barieri ya chini tulisimamishwa. Kijana mwenye bunduki alizipitia picha zangu moja moja, kidole chake kikiacha alama ya mafuta kwenye kioo. Alipofika kwenye kilele akasema, "Futa." Nikafuta. "Futa na za leo zote." Picha 63. Motari aliongea kwa muda mrefu, kwa upole wa ajabu, akiwaita wote mukubwa, na tukaachiwa tukiwa pungufu kwa noti chache. Njiani nikamlaumu kwamba angenitetea zaidi. Alisimamisha pikipiki, akageuka. "Yaya, ungetaka nikutetee ukiwa ndani ya kaburi?" Sikumjibu.

Kushuka hadi Walikale, eneo la jirani, kulituchukua siku mbili kwa njia ya Nyabiondo na Kibua. Neno barabara ni la heshima tu. Asubuhi unaanza na koti na ukungu na ng'ombe. Ifikapo alasiri umeshashuka karibu mita elfu, umevua kila kinachovulika, na pande zote mbili ni msitu. Walikale ina ukubwa wa kilomita za mraba 23,475, Rwanda nzima ikiwa na 26,338. Masisi, yenye makelele yote yale, haifiki 5,000. Na kiangazi kiliishia juu. Siku ya kwanza tu ya Walikale, katikati ya Julai, mvua ilitunyeshea saa tatu mfululizo. Lenzi iliyokuwa na baridi ya Masisi ilipofunguliwa kwenye joto lile ikaingia ukungu hadi ndani, na mama mmoja wa mgahawa wa sombe na bugali ndiye aliyenipa kopo la mchele mkavu wa kuizika usiku kucha. Ikapona.

Niliwauliza Wanyanga, wenyeji wa huko, makaburi ya zamani yako wapi, wakanyooshea msitu. Wabelgiji waliwalazimisha watu kuhama kutoka vijiji vya ndani kuja kupangwa kando ya barabara, ili wahesabike, walipe kodi na wafanye kazi ya barabara hiyo hiyo. Wafu hawakuhamishwa. Mwindaji mmoja alikubali kutupeleka kwenye kijiji cha babu zake, mwendo wa saa tatu kutoka Lowa, mto unaopita mjini Walikale. Alikuwa akikitambua kwa michikichi: ukikuta michikichi mingi mahali pamoja ndani ya msitu mkubwa, hapo walikaa watu. Alisimama, akaonyesha kwa panga. Hapa baraza. Hapa nyumba ya mwami. Pale makaburi.

Nilitazama pale. Majani. Nikapiga picha kumi na mbili, na leo nikizifungua naona majani ya aina kumi na mbili. Hakuna mwanga wa pembeni msituni, unatoka juu kwa matone. Hakuna mlima wa nyuma. Kwa mara ya kwanza nilitamani jembe la yule mama wa Mushaki liwepo.

Yule mwindaji hakujali. Alisema aliyezikwa Walikale hajafungwa, na akatuanzia kisa cha Mwindo, ambacho kila Mnyanga amekulia nacho. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, aliwaambia wake zake hataki mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa, akiongea na kutembea. Baba akaamuru azikwe hai; wakamfukia, na usiku akatoka, akakutwa nyumbani kwa mamake. Wakamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni; ngoma ikaelea. Mwishowe ni baba aliyekimbilia chini ya ardhi, na mwana akamfuata huko kumrudisha. Toleo linalojulikana zaidi duniani lilisimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956, Daniel Biebuyck akaliandika na kulichapisha 1969 akishirikiana na Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga. Mwindaji wetu hakuwa na habari na kitabu. Alisimulia akimenya muhogo, na alipofika kwenye kaburi aligonga udongo mara mbili kwa mpini wa panga, akangoja, kana kwamba atajibiwa.

Ntoto sikwenda. Motari alikataa, na mwindaji akasema sina cha kupiga picha pale. Ni katika soko la Ntoto, Machi 20, 1993, ambapo mauaji ya Wanyarwanda yalianza, yakapanda hadi Masisi, yakalipiziwa, na maelfu ya watu wakafa ndani ya miezi michache. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2010, ile iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili Kongo hadi 2003, inaanza kuhesabu kutoka mwezi huo. Wale waliozikwa haraka haraka namna ile hawakupandiwa masale.

Niliporudi Goma nilichapisha picha za wale wazee wawili kwenye studio ndogo ya mtaa wa Birere. Kila mmoja alikuwa ameagiza mbili, zikiwa na tarehe nyuma na saini yangu. Motari akasema saini haitoshi, Kongo kitu kisicho na muhuri hakijazaliwa. Mimi sina muhuri. Basi mwenye studio akatoa wa kwake, wenye ua na neno PHOTO katikati, akazigonga zote nne kwa nguvu. Motari aliwapelekea. Niliambiwa kwamba mzee wa masale aliiweka yake kwenye faili la kesi, na yule mwingine aliitia kwenye fremu, ukutani, juu ya redio.

Januari 4, 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi mjini. Tarehe 27 ya mwezi huo huo wakaingia Goma, na Machi wakafika Walikale, wakatoka baada ya majuma mawili. Mamia ya maelfu wamehama vilima vile, wengine kwa mara ya tano au ya sita maishani. Namba ya motari ilijibu mara ya mwisho mwezi wa pili. Alikuwa njiani kuelekea Minova, na alitaka kujua tu kama picha bado ninazo.

Ninazo. Ukiondoa 63 zilizofutwa zimebaki 418, kila moja ina tarehe, jina la kilima na upande niliosimama. Nimezihifadhi sehemu tatu. Kama unasoma haya ukiwa Nyarugusu, Nakivale, Nairobi au popote ulipofikia, na una mtu wako aliyelala kati ya Mushaki na Nyabiondo, niletee jina la kilima. Kama si kilima, jina la kijito. Nitaangalia, na kama yumo nitakuchapishia, na mlima nyuma yake.